Bibi Anataka Mtoto Alale Kwenye Bilum

Mpendwa Mama Wesa wa redioni, naomba msaada wako, na tafadhali usinigombeze kabla hujamaliza kusoma, maana mimi hata shuleni sikuwahi kunyoosha mkono na barua hii imenichukua siku tatu. Dada yangu Nerolyn alijifungua miezi miwili kabla ya wakati, mtoto kilo moja na nusu, na hospitali walipoturuhusu walituelekeza abebwe kifuani, ngozi kwa ngozi, na kofia kichwani, mchana na usiku, kwa hiyo Nerolyn akienda shambani kuchimba viazi zamu ni yangu. Sasa Jumatatu bibi yetu akamaliza bilum, ule mfuko aliokuwa anaufuma tangu mimba ilipoonekana, na ndugu wa baba wa mtoto wakaja kumwona, bibi akasema, "We Gimise, mtoto si plasta ya kubandika kifuani. Mlaze kwenye bilum kama ulivyolala wewe." Shangazi mmoja akadakia, "Mwacheni, labda anataka kunyonyesha!" Wakacheka, nikaona haya, nikamtoa, nikamlaza kwenye bilum, ikatundikwa karibu na moto. Baadaye nikagusa miguu yake, baridi kama mawe ya mtoni, na maziwa ya kikombe hakuyataka. Nikafungua blauzi mbele ya wote, nikamrudisha kifuani, tukajifunika blanketi, nikakaa hivyo mpaka akapata joto, akakunja vidole, akanywa. Nililia kwa furaha. Ila Nerolyn hajui. Nikimwambia, atagombana na bibi. Na bilum bado imetundikwa.

Gimise, Goroka

Gimise mwanangu, shusha pumzi. Mtoto yuko salama kwa sababu uliacha haya zako, na wewe ndiye uliyemwokoa. Lakini siku tatu umenyamaza! Mtoto mdogo hivyo akipoa na kukataa maziwa hupelekwa kliniki siku hiyohiyo, hata akichangamka tena. Zima redio sasa, mwambie Nerolyn yote, mwende akapimwe, na njiani awe kifuani.

Bibi yako hana ubaya. Amefuma miezi yote hiyo, na aliyengojewa amekuja mdogo mno kwa mfuko. Moto humpasha upande mmoja na moshi humwingia kifuani. Usibishane naye. Bilum ibebe nepi na kikombe mpaka kliniki waseme mtoto amekua. Na mkirudi, mwambie, "Bibi, nimechoka, nipokee zamu." Mvue bibi sweta, mlaze mtoto pale kifuani pake, wafunike.

Kisha jiandae: kumnyang'anya mtoto hutaweza.