Damu ya Kondoo Dume

Rwezamenyo, Kigali, 1984

Sudi anaoa, Hadija! Anamuoa binti wa fundi Shabani, mshona kanzu, si Zaituni wako. Salamu nyingi wifi yangu, sisi wazima.

Mwanangu sasa ni bwana mkubwa kwenye kituo cha mifugo. Unajua majani ya malishoni huota ukungu wenye sumu. Kondoo akiyala ini linaharibika, uso unababuka kwa jua. Basi Sudi huwanywesha madume sumu hiyo kidogo. Anayeugua anachinjwa. Anayestahimili ndiye anayepewa majike, ili watoto nao wastahimili. Akili hiyo kaitoa kwangu!

Najua Zaituni tulishamposa. Lakini mumeo Gasana, Mungu amrehemu, ini ndilo lililomuua, na mwaka jana Zaituni naye macho yaligeuka manjano kama binzari. Kina Shabani hata mafua hawayajui.

Sudi akaniambia, "Mama, Zaituni si kondoo." Nikamjibu, "Angekuwa kondoo si tungeshamla!" Nilicheka mpaka machozi, peke yangu. Siku hizi Sudi chakula hakimshuki kooni, ni kazi tu zimemzidi.

Usininunie, wifi, hii ni elimu. Zaituni mlete atusaidie kumenya ndizi, mikono yake haina ugonjwa. Na asije na uso wa matanga, bibi harusi ataona vibaya.

Mimi wifi yako anayekupenda, Mama Sudi, nawangoja nyote Ijumaa ya kwanza baada ya Idi, asubuhi mapema.