Sanduku Lilirudi Kabla Yako

Rafiki yangu Mbarouk,

"Maiti hasaliwi mara mbili, na maiti hatoi shamba." Hivyo ndivyo anavyosema mtoto wa ammi yako, Sururu, kila alasiri pale barazani Madungu, na watu wanaitikia kwa vichwa kana kwamba wamesomewa Hadithi sahihi. Nimebishana na makarani, na walimu, na wahariri wa magazeti ya Unguja, lakini sijapata kukutana na upumbavu uliovaa kilemba kizuri namna hii. Ijumaa nitaujibu mbele ya watu kwa kuwasomea barua hii. Lakini wewe ndiye unayeitwa maiti, kwa hiyo nakuandikia wewe kwanza, wao wasikilize baadaye.

Jawabu langu ni fupi. Mara ya kwanza hatukumsalia maiti. Tulilisalia sanduku.

Unajua nusu tu ya habari hii, kwa kuwa hukuwapo. Ulituaga unakwenda Mombasa kwa miezi mitatu. Huko ukapata kazi ya kutia makaa melini, ukapotea. Mwaka wa pili baharia mmoja wa Wete akateremsha sanduku lako, akasema meli ilikuacha hospitali Adeni, hujui wa kulia wala wa kushoto, na zaidi ya hapo hana habari. Na kwetu, sanduku la baharia likirudi peke yake watu hawaulizi tena, wanatandika majamvi. Ndani mlikuwa na koti, shuka mbili, na tasbihi ya marehemu baba yako.

Shehe Bakari, imamu wetu, alisema tungoje. Tuandike Adeni, tungoje jawabu, hata kama ni mwaka. Aliyemcheka ni mimi. Nilisimama msikitini nikasema mtu hai haachi tasbihi ya baba yake. Nikaongeza mambo ya bandari na maradhi niliyoyasoma magazetini, mimi ambaye sikuwahi kuvuka Mombasa. Nilisema vizuri. Hiyo ndiyo balaa yangu, kwamba nasema vizuri. Watu wakanifuata mimi wakamwacha shehe wao, na Ijumaa ile ukasaliwa sala ya ghaibu, ile ya maiti aliye mbali. Hitima ikasomwa, pilau ikaliwa mpaka ukoko.

Mkeo, Bi Time, akakaa eda yake, miezi minne na siku kumi, kisha akaolewa Mkoani. Shamba lako la Gombani likagawanywa. Mkeo akapata fungu lake, binti yako Zuwena lake, na Sururu, kwa kuwa huna mtoto wa kiume, akapata upande wa juu wenye mikarafuu mikubwa.

Halafu ukarudi.

Miaka saba, Mbarouk. Ulipopona Adeni meli yako ilikuwa imekwenda zamani, na hakuna nahodha aliyetaka mtu mwenye kifua kibovu. Ukabeba magunia bandarini. Ukapata chombo mpaka Mogadishu, kutoka hapo ukaja kwa miguu na kwa malori ya ng'ombe mpaka Kismayu, ukaugua tena, ukafika Lamu bila viatu. Mombasa wakakuzuia kwa sababu huna karatasi. Barua mbili ulizoandikiwa na watu hazikufika. Na kutoka Mkoani ulitembea kwa miguu mpaka Chake, kwa sababu dereva alikutambua akakataa kukupakia.

Pale Madungu ukatoa salamu. Mzee Kombo ndiye aliyejibu, nami nilikuwapo.

"Weye ndiye nani?"

"Ni miye, Mbarouk."

"Mbarouk gani? Mbarouk tushamsalia."

Nawe ukaketi, ukaomba maji, ukasema, "Basi Mungu awalipe. Dua nilikuwa nazihitaji sana."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Baadaye, kwangu Tibirinzi, uliniambia neno ambalo sikulitia maanani siku ile: "Njia yote ile nilikuwa mtu. Nimefika kwetu ndipo nimekuwa maiti."

Bi Time alileta fungu lake siku ya pili, analia, na Zuwena akalirudisha lake. Ulimwambia Bi Time abaki na mumewe, kaolewa kwa halali, hana kosa. Sururu hakuleta kitu. Akaleta maneno: mirathi ikishagawanywa haikusanywi. Nami nikakwambia twende kwa kadhi, kesi hii atashinda hata kipofu. Ukakataa. "Sikutembea kutoka Kismayu nije nigombane na mtoto wa ammi yangu." Niwie radhi, lakini hapo ulinikera, na mpaka leo unanikera. Uungwana wako umemwachia binti yako vita ambavyo ungevimaliza kwa asubuhi moja. Ulijua kusamehe kilicho chako. Cha Zuwena nani alikuruhusu ukisamehe?

Kitu kimoja ulifanya. Mwezi ule ule uliorudi, ukiwa umesimama kwa miguu yako miwili, ulimpa Zuwena shamba lote, la juu na la chini, mbele yangu na mbele ya Mzee Kombo. Na ndicho anachokikanusha Sururu leo: maiti hatoi shamba. Siku tuliyokuzika, mwaka huu, alipita nyumba kwa nyumba akiwaambia watu sala yako ilishasaliwa, wasijisumbue. Tulikusalia safu moja, na safu yenyewe haikujaa. Walikula pilau ya hitima ya mtu hai wakashiba. Ulipokufa kweli wakawa hawana njaa.

Sururu si mjinga. Anajua kwamba akikubali umekufa mwaka huu, basi wakati ule hukufa, na kama hukufa, mikarafuu ile anaichuma kwa haki gani? Ndiyo sababu anataka ubaki maiti wa tangu zamani. Haya, namkubalia. Ulikuwa maiti. Lakini mwaka jana Sururu alimwoza binti yake, na mashahidi wa ndoa walikuwa wawili, na mmoja alikuwa wewe, kanzu yangu umeazima, jamvi la mbele. Ushahidi wa maiti haufungi ndoa. Kama ulikuwa maiti, basi yule kijana amrudishe binti kwa baba yake leo, maana hawajaoana. Nilimwambia hivyo mbele ya watu. Akasema mimi nina ulimi mrefu. Hilo si jawabu.

Kwetu mambo yamebadilika tangu uondoke, wala si kwa uzuri. Duka la Tibirinzi lina redio sasa, na watu hawazungumzi ila uchaguzi. Jirani hampi jirani moto kwa sababu ya chama. Sururu ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wote, anataka Mwingereza arudishe nchi kwa wenyewe. Nami nasema arudishe, hata leo. Lakini anayedai nchi nzima kwa wenyewe aanze kwa mikarafuu iliyo mkononi mwake.

Nakukumbuka kwa mambo madogo. Siku niliyokufungulia kitabu cha ramani nikuonyeshe njia uliyopita, nikakusahihisha majina ya miji. Ukaniacha nimalize, kisha ukapitisha kidole kutoka Mogadishu kwenda chini, ukasema, "Kitabu chako hakina vumbi, bwana." Wala hukunisimanga. Ulitafuna tangawizi yako, ukakohoa, ukaniuliza kama muhogo umeiva.

Nimekusumbua vya kutosha. Lala, sahibu yangu. Mungu akupanulie pale ulipo. Ahadi yangu kwako ni hii: Jumatatu nitasimama mbele ya kadhi nitoe ushahidi dhidi ya nafsi yangu. Nitasema Shehe Bakari alitaka tungoje, na mimi ndiye niliyemzika mtu hai kwa maneno, na kila kilichojengwa juu ya maneno yale kibomolewe. Sijapata kukiri kosa mbele ya watu. Nitalikiri hilo kwa sauti ile ile niliyowadanganyia.

Sasa nawageukia nyinyi mnaonisikiliza. Mzee Kombo, na kila mmoja wenu aliyempa Mbarouk mkono aliporudi: Jumatatu njooni Chake, mmwambie kadhi mkono ule ulikuwa wa moto au wa baridi. Shehe Bakari, nisamehe, kisha utuongoze Ijumaa hii tukamsalie kaburini, wale waliokosa siku ya kuzika wote. Na wewe, Sururu, msimu wa karafuu haujaanza. Ondoa majamvi yako ya kuanikia upande wa juu, umpe Zuwena shamba lake.