Asilimia ni Debe Ngapi?

Kamenu, Thika

Mpendwa Wanjiku,

Pokea salamu za guka, babu yako. Huku tuko, ingawa tumechoka. Babako amehamia Kimbo, kwa hivyo sasa tunamwona kama tunavyokuona wewe wa Juja: kwa simu.

Umeniandikia kurasa mbili, na swali liko mstari wa mwisho: utaelezaje utafiti wako wa ukungu wa mahindi kwa dakika tatu, mbele ya wazazi na wafanyabiashara, siku ya maonyesho chuoni?

Nilipokuwa kijana nilipima kahawa ya wakulima huko Ruiru, na nilitaka sana kuwa msimamizi wa kiwanda. Msimu mzima nilihesabu hasara ya kuchanganya kahawa mbivu na mbichi. Siku ya mkutano nikawasomea wakulima asilimia zote.

Mama mmoja akainuka. "Kijana, hiyo asilimia ni debe ngapi?"

Watu wakacheka. Nikakasirika, nikaanza kusoma upya kutoka juu. Chege, mpimaji mwenzangu, akasimama. "Mama, ukichanganya, kwa kila debe nne, moja tunatupa."

"Kumbe! Si mngesema hivyo?"

Chege akapewa usimamizi. Hesabu ilikuwa yangu, Wanjiku, na mpaka leo inaniuma. Lakini yule mama hakuleta mbichi tena, na si mimi niliyemfahamisha.

Siku yako nitakuja na shosho, nyanya yako. Ana magunia matatu ya mahindi jikoni, ameyanusa mara mbili wiki hii, na hajui kama atatupikia au atayatupa. Ongea na yeye.

Ni mimi, guka wako.