Matairi ya Mtu wa Porini

Shoga, uko wapi? Ndiyo natoka kwa fundi matairi na mume wangu. Sina hamu!

Bwana kashupalia matairi ya meno makubwa, yale ya tope. Fundi akamsihi, "Kaka, kwa gari la kila siku chukua haya ya katikati, yanaweza lami na vumbi. Hayo yatakuvumia barabarani kama mashine ya kusaga."

"Mimi mtu wa porini! Kila Jumamosi naenda kupima mashamba, nazama kwenye tope!"

Kifua mbele, shoga. Mtu wa porini! Huyu akiona mende anapanda kitandani!

Fundi akapapasa matairi ya zamani, akacheka. "Tope lipi, kaka? Haya hayajawahi kutoka lami. Ona, vinyweleo vya mpira vya kiwandani bado vimesimama ubavuni, tope lingeshavikwangua."

HAYAJAWAHI KUTOKA LAMI. Miaka miwili ya Jumamosi!

Nikamgeukia. Kanywea kama kuku aliyenyeshewa, anachezea funguo.

Nikamwambia fundi, "Mfungie hayo hayo yenye kelele."

Jumamosi aende tu akapime mashamba yake. Safari hii mtaa mzima huko aendako utasikia anapopaki.