Kobe wa Anastasia

Jokha, umekaa? Kaa kwanza. Fredrick kamuibia Anastasia kinyago chake, tena yeye mwenyewe akiwa pale pale!

Si unamkumbuka yule kobe wa mpingo anayembeba sungura mgongoni? Anastasia ndo aliyeigeuza ile hadithi ya mbio zao, akachonga miezi mitatu kwenye karakana yao na Fredrick, Chang'ombe.

Leo tumefika kwenye maonyesho, tunakuta kibandiko kina jina la Fredrick. Anastasia akadhani wamekosea.

Mwandishi mmoja akamuuliza Fredrick, "Kwa nini kobe ambebe sungura badala ya kushindana naye?"

Akajibu bila hata kupepesa macho: "Mama yangu alinibeba hivyo mpaka zahanati, nilipoumwa mguu."

Mama yangu! Alinibeba! Jokha, huyo ni marehemu mama yake Anastasia, na hayo alimsimuliaga Fredrick peke yake.

Anastasia akauliza, "Mguu gani, Fredrick?"

Fredrick akaangalia miguu yake yote miwili. Watu wote wakamgeukia. Anastasia akamchukua kobe wake, akatoka nje akichechemea. Hakuna aliyethubutu kumzuia.

Sasa yuko hapa kwangu, analia tu. "Afadhali angeishia kwenye kinyago, Herieth. Kwa nini kanichukulia na mama?"