Maua ya maharagi ya Mama

Sake, siku ya ine

…na majani bado hayaungani. Nilichora maua ya maharagi kwa mukono, nikaiingiza karatasi mu ordinateri, kompyuta ya kazi, lakini kila mahali motifu ya kitenge inajirudia, jani moja linakatika.

Mama Furaha, mwenye ateliye hii ya kuchora vitenge, akaniambia, "Tuma motifu leo kwa wenye kuchapa, dada. Kesho tunaweza kukimbia."

Masasi ya bunduki ilikuwa inalia upande wa Mubambiro. Nilirekebisha lile jani. Mama yangu aliacha shamba lake Masisi siku tatu zilizopita, na simu yake haipiti.

Saa kumi namba nisiyoijua ikapiga.

"Ni mimi," Mama akasema. "Niko Shasha, kwa watu wa kanisa. Miguu tu njo inauma."

Nililia. Kisha nikamuuliza kitu cha kijinga: maua ya maharagi yake iko rangi gani? Mimi nilikuwa nimeweka nyeupe.

"Yalikuwa ya zambarau, mwanangu."

Nikabadilisha yote. Mama Furaha alinuna, lakini kazi imeenda.

Barabara ya Shasha imefungwa, siwezi kumufikia. Na Mama alisema "yalikuwa". Niliogopa kumuuliza kama shamba limechomwa.