Kaka Yako na Kibao Chake

Mwenzangu, kaka yako leo! Nimecheka mpaka mbavu zinauma.

Si walikuja wageni kazini kuona tangi la kukuzia chembe hai za kutengenezea chanjo? Kaka akawaambia kwa madaha kwamba kipimo kinachoelea ndani hakina waya wala betri. Umeme wake unapenya ukuta wa kioo, kutoka kwenye koili, yaani duara la waya uliosokotwa, iliyobandikwa nje.

Mara skrini ikasoma sifuri. Joto sifuri, oksijeni sifuri!

Kaka akapayuka: "Chembe zimekufa! Tumwage!" Kazi ya mwezi mzima hiyo, na mkono ushashika koki!

Ghafla akaganda, macho kwenye koili. Kumbe wakati wa kupiga picha na wageni, ili cheo kionekane, alichomeka kibao chake cha bati, kile cha "Mhandisi Mkuu", katikati ya koili na kioo. Bati ndilo lililozuia umeme!

Akakichomoa taratibu kama mwizi. Namba zote zikarudi. Chembe hai, zinadunda!

Bosi, yule mama asiyecheka ovyo, akamwambia mbele ya wageni: "Mwanangu, cheo chako kizito. Hata umeme umeshindwa kupita."

Anakuja huko nyumbani. Mpe maji kwanza, ndipo umcheke.